Mtende Uliotoka Kabla ya Sofia

Katika kijiji kile cha juu ya milima ya Alb, katika nchi za theluji, hakuna mtu aliyethubutu kutoa chungu cha maua nje kabla ya tarehe kumi na tano Mei kupita, na baridi ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa Adelheid Schempp.

Watu wa pale ni Walutheri watupu. Mwaka mzima hawana habari na watakatifu, lakini Mei ikiingia wanawaogopa wanne kuliko wanavyomwogopa mchungaji wao: Pankrasi, Servasi, Bonifasi, na wa mwisho mwanamke, Sofia Baridi. Siku zao zinaanza tarehe kumi na mbili na kwisha kumi na tano. Jua liwake liwakavyo mwanzoni mwa mwezi, hawa wanne wakitaka kupita watapita, na wakipita wanaacha barafu. Basi kila mwaka, joto la kwanza likishawalaghai watu, Adelheid alichukua ufagio akajifanya anafagia mbele ya nyumba yake, kisha akateremka nao barabara nzima akikagua madirisha ya wenzake.

"Wee Gottlob! Hizo jeraniamu zimefuata nini huko nje?"

"Zimeomba hewa, Adelheid."

"Zitaomba sanda. Sofia hajapita. Zirudishe ndani!"

Gottlob Haug, jirani wa ng'ambo ya barabara, mfugaji wa ng'ombe, mtu mpana asiye na haraka, alizirudisha. Mwaka mmoja Adelheid alimwita mjinga mbele ya mchungaji, na siku ile pia alizirudisha, kimya kimya, masikio yamemwiva. Watu wakamwita Adelheid "Sofia" kwa nyuma, halafu wakamwita hivyo hata usoni, naye hakuchukia. Alijua ana haki ya kusema. Yeye alikuwa na mtende.

Mtende huo ulianzia kinywani mwake. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza katika nyumba ya ukweni, mwaka sitini na tisa, yeye ana miaka ishirini na mitatu. Mama mkwe alifungua boksi la tende, akampa moja tu, akawa anamtazama anavyoila. Adelheid akabaki na kokwa mdomoni asijue aiweke wapi. Kuitema mezani aibu, kuimeza hatari. Mama mkwe alipogeuka kukata keki, yeye akaitemea kiganjani na kuididimiza kwenye udongo wa begonia ya dirishani. Mwezi wa nne kikachomoza kijani kimoja, chembamba, kigumu. Mumewe Alwin akakiinamia kwa miwani.

"Hii si begonia," akasema.

"Ni yangu," akasema Adelheid, na hicho ndicho kilichokuwa kitu cha kwanza alichokiita chake katika nyumba ile.

Mtoto alikawia. Alikawia miaka kumi na miwili, na ulimi hauna mfupa: watu walisema akina Schempp wanalea mti kwa kuwa hawana cha kulea. Adelheid aliyasikia hayo kiwandani alikokuwa akishona ncha za vidole vya soksi, akarudi nyumbani akafuta vumbi la makuti kwa kitambaa chenye bia, kuti moja baada ya jingine, mpaka yakang'aa. Alimwambia Alwin kwamba mtende ukifa, na wao wamekwisha. Alisema kwa hasira, wala hakulirudia tena. Kisha Mei ya mwaka themanini na moja akajifungua Roswitha, kwa taabu, akalazwa hospitali siku kumi na mbili. Aliporudi na mtoto kifuani, mtende ulikuwa uani umesimama kwenye duara lake la matofali, na yeye akalia pale pale getini mbele ya watu.

Tangu hapo mti ulikua mpaka ukawa mita tatu na nusu juu ya pipa lake la mwaloni. Mti wa jangwani hauwezi kulala nje huko juu, ambako theluji hufika dirishani. Wala haupendi kulala sebuleni penye joto na giza, maana hukonda ukafa. Unataka mahali pa baridi isiyogandisha, penye mwanga. Mahali pa namna hiyo hapakuwapo ila kwenye ngazi za kiwanda cha zamani cha soksi, chenye madirisha marefu kama ya kanisa. Kiwanda kilipofungwa, Adelheid aliomba ufunguo, akapewa. Majira yote ya baridi alikwenda kila Jumamosi na birika, akaupa mtende maji kidogo tu ya kuulaza bila kuuamsha, akauzungusha robo mduara, akarudi.

Na kila tarehe kumi na sita Mei, asubuhi, watu wanane wa mtaa walikuja na miti miwili ya kubebea na mikanda. Waliushusha mtende ngazi kwa ngazi kama jeneza la mtu mnene, huku Adelheid akitangulia kinyumenyume na kuwatukana. Ukishakaa kwenye duara la matofali, alileta saladi ya viazi, soseji na mtungi wa divai ya matofaa, na hapo ndipo majira ya joto yalipoanza rasmi. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyevaa kaputura alichekwa.

Februari ya mwaka elfu mbili na ishirini na mbili Alwin alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama matone ya mfereji uliofungwa vibaya. Adelheid alimuuguza nyumbani miezi mitatu. Lakini nyumba ile ni ya ngazi, na mgongo wake yeye ni wa miaka sabini na sita. Mara mbili walianguka wote wawili, mara ya pili wakalala sakafuni saa nzima mpaka Gottlob alipowasikia. Binti yao Roswitha akaja kutoka mjini, wakakaa, wakasema yaliyobidi kusemwa. Nafasi ikapatikana katika nyumba ya wazee huko bondeni. Alwin angehamia tarehe kumi Mei.

Wiki ile jua liliwaka kama Julai. Tarehe tisa asubuhi Adelheid alimweka mumewe kwenye benchi la uani. Alwin hakuomba kitu. Alitazama tu lile duara la matofali lililo tupu, akalitazama muda mrefu, kisha akatazama mikono yake.

Adelheid akavuka barabara.

"Gottlob, washa trekta. Tunautoa mtende."

Gottlob alikuwa anaosha ndoo za maziwa. Akaziweka chini. "Leo tarehe tisa, Adelheid."

"Kusoma kalenda najua."

"Pankrasi, Servasi, Bonifasi..."

"Pankrasi akija atanikuta mimi na kitanda kitupu. Washa trekta, bwana! Jioni tutaurudisha."

Gottlob akamtazama kwa namna ambayo Adelheid hakuielewa siku ile. Alifungua kinywa kama mtu mwenye neno, akakifunga. Kisha akawasha trekta yenye uma za kunyanyulia, akamwita mkwewe, na watatu hao wakafanya kazi ya watu wanane.

Alwin alikaa chini ya mtende wake alasiri nzima. Kivuli cha makuti kilimpita usoni, naye akanyanyua mkono wa kushoto ulio mzima, akashika ncha ya kuti akaiachia, akaishika tena. "Mzuri," akasema. Adelheid aliumwagia mtende maji toka juu ili auoshe vumbi la miezi saba, kwa furaha tu. Maji yakashuka mpaka kwenye moyo wake, pale kuti changa linapochomoza limekunjwa kama mwavuli. Jioni mkwe wa Gottlob hakuwepo, Alwin amechoka, yeye amechoka zaidi. Mtende ukabaki nje.

Kesho yake gari la wagonjwa likamchukua Alwin. Siku iliyofuata Adelheid alikuwa bondeni, akipanga soksi za mumewe kwenye droo isiyokuwa yake. Redio ya jikoni, ambayo kila Mei aliisikilizia utabiri wa hewa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe, hakuifungua. Usiku wa kuamkia Pankrasi alilala na nguo zake, viatu miguuni.

Alipofungua mlango asubuhi, nyasi zote zilikuwa nyeupe. Kipimajoto cha ukutani kilisema tano chini ya sifuri. Mtende ulikuwa umesimama umenyooka, kila kuti linameta, mzuri kuliko siku zote. Adelheid akaugusa, na kuti likalia kama kioo. Aliingia ndani, akaleta mablanketi yote ya kitanda cha wawili, akaufunika, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwamba amechelewa.

Baada ya wiki makuti yakawa ya kahawia, kisha meusi, yakaning'inia. Na mtaa haukuwa na huruma. Miaka arobaini ya ufagio haisahauliki hivi hivi. Mtu alivalisha nguzo ya geti lake kofia ya sufu na skafu. Kwenye duka la mikate muuzaji alimfungia mkate wake taratibu, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Bi Schempp, hivi Sofia mwaka huu alikuja mapema?"

"Pankrasi alikuja kwa siku yake," akajibu Adelheid. "Mimi ndiye niliyetoka mapema. Nipe na chenji yangu."

Wakacheka wote waliokuwa kwenye foleni. Gottlob alikuwa wa tatu nyuma yake, na yeye hakucheka. Jeraniamu zake mwaka ule zilikuwa bado ndani.

Hayo yote angeyavumilia. Asilolivumilia lilikuwa bondeni. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumapili alipanda basi kwenda kwa Alwin, na kila mara, kabla hajavua koti, Alwin aliuliza neno lile lile.

"Mtende?"

"Upo," akasema mara ya kwanza. Haukuwa uongo, ulikuwepo.

"Kuti?"

Alitaka kujua kama kuti jipya limechomoza. Kila Juni alikuwa akilipima kwa vidole na kulitangaza mezani. Adelheid akatazama dirishani. "Linachomoza," akasema.

Alhamisi likawa kiganja kimoja. Jumapili viganja viwili, Jumanne vitatu. Uongo ule ulikua vizuri kuliko mtende wowote, na Alwin aliufurahia, akawaeleza wauguzi kwa vidole vyake vitatu. Adelheid alirudi na basi amejichukia.

Katikati ya Juni akamwita Gottlob, kwa sababu kuna jambo moja mwenye mtende hulifanya mwisho, na yeye mkono ulikuwa umemkataa. Unalishika lile kuti changa la katikati, unalivuta polepole. Likikataa, moyo uko hai, subiri. Likikubali, basi. Gottlob akapanda kwenye kigoda, akalishika kwa vidole viwili kama anayeng'oa jino la mjukuu, akavuta. Likaja lote bila kubisha. Upande wa chini lilikuwa rojo la kahawia linalonuka kama pipa la kabichi iliyochacha ikaharibika.

"Pole, Adelheid," akasema toka juu ya kigoda.

Walikata mpaka panapoonekana pasafi, wakapakausha, wakapaka unga wa mkaa, wakauwekea mtende paa la nailoni mvua isiingie. Wiki mbili mbele pasafi napo palikuwa pameoza. Gottlob akaleta msumeno bila kuambiwa. Adelheid alishika upande mmoja wa shina wakati linakatwa, maana hakutaka lianguke.

Hapo ndipo Roswitha alipopiga simu. Tarehe sita Julai Alwin angetimiza miaka themanini, na nyumba ya wazee ilikubali kumleta nyumbani kwa alasiri moja.

"Mama, umemwambia?"

"Bado."

"Utamwambia lini? Ataingia uani aone matofali?"

"Nitamwambia."

"Au nunua mwingine. Kule chini mtoni kuna vitalu vinauza mitende mikubwa. Hatajua, mama. Macho yenyewe siku hizi..."

"Unataka nimdanganye baba yako?"

"Si unamdanganya kila Jumanne?"

Adelheid akakata simu bila kuaga, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Kisha akafagia barabara. Siku mbili hakwenda kwa Gottlob. Siku ya tatu, tarehe tano asubuhi, alivuka akiwa amevaa koti la kwenda kanisani.

"Funga tela kwenye gari," akasema. "Wala usiniulize."

Gottlob hakuuliza. Waliteremka milima, hewa ikawa nzito na ya joto, wakafika kwenye kitalu chenye nyumba za kioo kando ya mto. Gottlob hakuuliza njia hata mara moja. Adelheid hakulitilia maanani hilo. Alikuwa anajaribu kujishawishi kwamba ni kwa ajili ya Alwin, mgonjwa haongezewi ugonjwa, na mambo mengine ambayo mtu hujiambia anapokwenda kutenda asilolipenda.

Ndani mlikuwa na mitende safu nzima, ya kila kimo. Adelheid akapita akiigusa. Huu mnene. Huu umenyooka mno. Huu makuti yake ni ya kijivujivu. Akasimama mbele ya mmoja, akarudi nyuma, akapima kwa jicho.

"Huu, labda," akasema.

Gottlob akatikisa kichwa. Alikuwa ameshafika mwisho wa safu, ameweka mkono kwenye shina jingine. "Chukua huu. Umeinama kidogo kushoto, unaona? Safari ile naye alichagua ulioinama kushoto, kwa sababu wako uli..."

Hakumaliza. Uso ulimwiva kuanzia shingoni.

"Safari ipi?" akauliza Adelheid.

Gottlob akatazama viatu vyake.

"Gottlob Haug. Safari ipi?"

"Ulipokuwa hospitali," akasema. "Na Roswitha."

Akamweleza pale pale, kati ya mitende, kwa sentensi fupi fupi za mtu ambaye hajawahi kusimulia kitu. Mwaka ule pia joto lilikuja mapema. Alwin alitaka mkewe akirudi na mtoto aukute mtende uani, umesimama, unamngoja. Akautoa tarehe nane. Siku ya Servasi ikaja baridi, ukaungua mpaka moyoni. Alwin alikuja zizini kwa Gottlob analia, mwanamume mzima, anasema mke wake amengoja miaka kumi na miwili, hawezi kumkaribisha na mti mfu. Wakafunga tela. Wakaja hapa.

Adelheid akageuza chungu kitupu, akakikalia.

"Kwa hiyo ule si wangu," akasema. "Kokwa yangu ilikufa kumbe. Miaka arobaini na mmoja nimemwagilia mti wa dukani."

"Ni hivyo."

"Nimeufuta kwa bia!"

"Nilikuona."

"Na wewe kila mwaka nakutukana kwa hizo jeraniamu, unazirudisha ndani, na huku neno hilo unalo mfukoni?"

"Nilimwahidi Alwin."

"Hata siku nilipokuita mjinga mbele ya mchungaji?"

Gottlob akafikiri kwa haki kabisa. "Siku ile," akasema, "ilibaki kidogo."

Adelheid alikasirika kweli. Alimkasirikia Alwin, akamkasirikia Gottlob, akajikasirikia mwenyewe aliyelia getini mbele ya watu kwa ajili ya mti asioujua. Alikaa pale mpaka mwenye kitalu akaja kuuliza kama mama anaumwa. Na katika kukaa kule, hasira ikaanza kumwishia. Mti ule wa pili ndio aliouzungusha kila Jumamosi. Ndio ulioshushwa ngazi mara arobaini huku yeye akitukana. Roswitha aliukwea akiwa na miaka minne, akachomwa na miiba yake, akalia. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na mwana huyo alikuwa amemlea.

Lakini akamwona pia Alwin wa siku zile, akiwa amekaa mezani na kimya chake, kila alipomsikia mkewe akiwaambia wageni, "Huu umetoka kinywani mwangu." Mara ngapi? Kila Mei. Mbele ya saladi ya viazi. Na yeye Alwin ameinamia sahani.

Akasimama. "Twende zetu," akasema.

"Na mtende?"

"Hatununui. Watu wa nyumba ile wamedanganyana vya kutosha."

Kesho yake saa nane gari lilisimama getini. Adelheid alikuwa amejiapiza kumwambia Alwin kabla hajaona, lakini dereva alikuwa mwepesi, akakisukuma kiti cha magurudumu mpaka uani kabla Adelheid hajapata hata pumzi. Pale meza ilikuwa tayari: mkate mtamu wa kusuka, kahawa, Roswitha na Gottlob wamesimama kama watu wa msibani. Alwin akatazama watu. Akatazama duara la matofali.

Adelheid akaja mbele yake, akachuchumaa, magoti yakalia, akashika mkono wake mzima.

"Mtende umekufa," akasema. "Tarehe kumi na mbili Mei. Niliuacha nje, Sofia hajapita. Lile kuti nililokuwa nakwambia, lilikuwa uongo. Viganja viwili, vitatu, vyote uongo. Nisamehe."

Alwin akamtazama. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa hausogei, na ule mwingine ulianza kutetemeka.

"Mimi," akasema.

"Wewe hukufanya kitu. Ni mimi."

Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Mimi... pia. Roswitha... kazaliwa. Mtende..." Neno halikutaka kuja. Shingo ilimtoka mishipa. Gottlob akafungua kinywa amsaidie, na Adelheid, bila kugeuka, akamkanyaga mguu.

Akangoja. Alikwisha kuujua mzigo wote ule, tangu jana, lakini aliona jinsi mumewe anavyouburuta kuufikisha, neno moja, pumzi, neno jingine, na hakutaka mtu amnyang'anye njiani.

"Ukafa," akasema Alwin.

"Ukafa?" akasema Adelheid, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

"Nika... nunua."

"Ukanunua!"

"Sawa sawa na... ule. Nilipima." Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa, na ule upande mzima wa mdomo ulikuwa unapanda juu. "Tepu. Tepu yako... ya kushonea."

Hili Adelheid hakulijua. Hili Gottlob hakulisema. Aliitafuta tepu ile nyumba nzima akiwa na mtoto mchanga, akamshuku mama mkwe, akamnunia mpaka Krismasi.

"Iko wapi?"

"Nilisahau. Kule."

Adelheid akaanza kucheka. Alicheka amechuchumaa hivyo hivyo mpaka akakaa chini kabisa kwenye mawe ya uani na gauni lake la sherehe, na Alwin akacheka kwa sauti yake mpya iliyovunjika, na Roswitha akawatazama wazazi wake asijue ampigie nani simu.

Walipotulia wakakisukuma kiti cha Alwin mpaka katikati ya duara la matofali, kwa kuwa pale ndipo penye jua. Gottlob akakumbuka zawadi yake, akaitoa mfukoni: boksi la tende. Alwin hawezi kutafuna vizuri, kwa hiyo Adelheid aliipasua tende moja kwa kucha, akamlisha nyama yake kidogo kidogo, akabaki na kokwa kiganjani. Akaingia ndani, akarudi na chungu kidogo chenye udongo, akakiweka juu ya mapaja ya mumewe. Alwin akaichukua kokwa, akaiweka juu ya udongo, akaididimiza kwa kidole gumba.

Adelheid alikitazama chungu. Mtende hukua polepole, na hesabu ya umri wao haikuhitaji kalamu.

"Huu ni wako," akamwambia. "Utakaa dirishani kwako kule bondeni. Ukifa utaniambia?"

"Siku... ile ile," akasema Alwin. Akafikiri, akanyanyua kidole chenye udongo, akamnyooshea. "Na wewe."